B+ Mbili Hazina Uzito Mmoja

Matokeo ya KCSE yanapotangazwa Januari, kuanzia Naivasha hadi Molo, Subukia hadi Kuresoi, swali linaloulizwa nyumbani ni moja: umepata ngapi? Mtahiniwa akijibu B+, majirani hupiga vigelegele, mjomba huahidi kuchinja, na kufikia jioni familia imeshamfanya daktari. Swali ambalo lingemfaa zaidi mtoto huyo, yaani ana nafasi gani ya kuitwa kusomea kozi anayoitaka katika chuo anachokitaka, huahirishwa hadi siku za mwisho za kutuma maombi. Hapo huulizwa ndani ya saiba iliyojaa watu, na anayelijibu ni kijana wa kompyuta asiyemjua mwombaji wala ndoto yake.

Naandika ili swali hilo liulizwe mapema. Nafasi ya mtu inaweza kukadiriwa. Hakuna atakayekuhakikishia kwamba utaitwa, lakini kwa kalamu, karatasi na saa moja ya utulivu unaweza kujua ni mlango upi uko wazi, upi umeegeshwa, na upi umefungwa. Vijana wengi wenye akili nzuri hukosa kozi walizostahili kwa sababu walipeleka maombi yao yote kwenye milango iliyofungwa.

Gredi ya wastani hukuingiza uwanjani tu. Anayepata C+, ambayo huanzia pointi 46 kati ya 84, ana haki ya kuomba shahada kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapanga wanafunzi vyuoni tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ilipofuta utaratibu wa zamani wa JAB. Tangu KCSE ya 2023, wastani huo hupatikana kwa kuhesabu Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa ameyafanya vizuri zaidi. Utaratibu huu umewainua wengi, na ni jambo jema. Lakini pia umefanya gredi ya wastani ifiche mengi kuliko zamani, kwa kuwa mtu anaweza kubebwa na Historia na Dini hadi B+ huku Kemia yake ikiwa imelala.

Kinachoshindanisha waombaji ni pointi za klasta. Kila kozi imewekwa kwenye klasta, na kila klasta hutazama masomo manne. Udaktari hutazama Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Sheria hutazama lugha moja, Hisabati au sayansi, somo la jamii kama Historia, Jiografia au Dini, na somo la nne kutoka makundi yanayoruhusiwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. A ni pointi 12, A- ni 11, B+ ni 10, hivyo hivyo kushuka hadi E yenye pointi 1. Jumlisha pointi za masomo yako manne ya klasta, ugawe kwa 48. Jumlisha pointi zako za masomo saba, ugawe kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili kwa kikokotoo, kisha zidisha kwa 48.

Tuchukue mfano wa wasichana wawili, mmoja wa Njoro na mwingine wa Gilgil, wote wana B+ ya pointi 70. Wa Njoro ana A- katika Biolojia, Kemia na Hisabati, B+ ya Kiingereza, na B katika Kiswahili, Jiografia na Kilimo. Wa Gilgil ana A ya Historia na A ya Dini, A- ya Kiswahili, B+ ya Kiingereza, B ya Hisabati, na B- katika Biolojia na Kemia. Kwenye karatasi ya matokeo wako sawa kabisa. Ukipiga hesabu ya klasta ya udaktari, wa Njoro anapata takriban 41.5 na wa Gilgil 37.9. Ukipiga ya sheria, mambo yanageuka: wa Gilgil anapanda hadi karibu 42.0, na wa Njoro anabaki na 40.5. Wazazi wa wasichana hawa wakiwapeleka wote wawili kwenye kozi moja kwa sababu "wote wana B+", mmoja wao atakuwa ameonewa.

Tena wa Gilgil ana kizuizi kingine ambacho hesabu haikuonyesha. Udaktari unataka angalau B katika kila moja ya yale masomo manne. B- yake ya Biolojia na ya Kemia imemtoa kwenye orodha kabla pointi hazijatazamwa. Sheria nayo inataka B ya Kiingereza au Kiswahili, na uhandisi unataka angalau C+ katika Hisabati, Fizikia na Kemia. Basi kabla hujashika kikokotoo, soma masharti ya masomo ya kozi unayoitaka. Ukipungukiwa hapo, pointi nyingi hazitakusaidia.

Hesabu ya daftarini ni makadirio. KUCCPS hufanya yake kwa data inayotoka KNEC, baraza la mitihani, na pointi zako halisi huziona ukiingia kwenye akaunti yako katika tovuti yao na kufungua kozi husika. Mara nyingi huwa chini kidogo ya zile ulizojipigia. Zinapotofautiana, amini za tovuti.

Sasa tuje kwenye kikomo, yaani zile pointi zinazoonyeshwa kando ya kila kozi kwa miaka iliyopita. Hapa ndipo naona watu wakipotoka zaidi, walimu wakiwemo. Wengi hudhani kikomo ni alama ya kufaulu ambayo chuo kiliipanga kabla ya maombi. Kikomo ni pointi za mtu wa mwisho aliyeingia mwaka huo, basi. Kozi ikiwa na nafasi 40 na waombaji 600, hupangwa kutoka wa juu kwenda chini, na yule wa 40 ndiye anayeacha nyuma namba mtakayoisoma mwaka ujao. Chuo kikiongeza nafasi hadi 60, namba hiyo hushuka hata kama waombaji ni walewale. Kozi ikipata sifa ghafla, kwa sababu watu wameona waliosoma awali wakiajiriwa, namba hupanda.

Na mwaka ukiwa mwema kwa watahiniwa wote, namba hupanda karibu kila mahali. Mwaka wa 2022 waliopata A nchini walikuwa 1,146. Mwaka wa 2023 wakawa 1,216, na 2024 wakafika 1,693. Waliopata C+ na zaidi walikuwa 173,345 mwaka wa 2022, kisha 201,133, kisha 246,391. Katika miaka miwili foleni ya shahada iliongezeka kwa zaidi ya watu 73,000. Aliyekuwa na pointi 39 mwaka wa 2022 na mwenye pointi 39 mwaka wa 2024 hawakuwa wamesimama mahali pamoja kwenye foleni hiyo. Kwa hiyo matokeo yanapotoka, usiishie kusoma gredi yako. Soma pia matangazo ya Wizara ya Elimu kuhusu idadi ya A, A- na B+ za nchi nzima, ulinganishe na za mwaka uliotangulia. Zikiwa zimeongezeka sana, vikomo vya mwaka jana vitakudanganya, na vitakudanganya kwa kukupa matumaini.

Kipimo ninachotumia mimi, ambacho si kanuni ya KUCCPS, ni hiki. Kozi ambayo kikomo chake cha miaka miwili au mitatu iliyopita kiko chini ya pointi zako kwa 2 au zaidi, ihesabu kuwa iko karibu na mkono wako. Iliyo ndani ya pointi moja, juu au chini, ni ya kubahatisha, nawe uikubali hivyo. Iliyo juu yako kwa zaidi ya 2, iache, hata kama shangazi yako anasema mtoto wa rafiki yake aliingia na alama hizo. Ya katikati ya hapo utaipima kwa mwelekeo: kikomo chake kimekuwa kikipanda au kikishuka?

Ukishajua hayo, kupanga machaguo kunakuwa rahisi zaidi, lakini bado kuna mtego. Machaguo husomwa kwa mfuatano, la kwanza kabla ya linalofuata. Kijana mwenye A- anajaza udaktari Nairobi, udaktari Moi, udaktari Kenyatta, udaktari JKUAT, udaktari Maseno, udaktari Egerton, akiamini amejiwekea nafasi nyingi. Kwa kweli amejiwekea nafasi moja, kwa sababu vikomo vya udaktari katika vyuo vya umma hukaribiana mno. Akikosa kwa pointi moja, atakosa kote, kisha atabaki akitafuta kozi zilizobaki wakati wenzake wenye B wamekwisha kuitwa. Chaguo la kwanza liwe la moyo, hata likiwa juu kidogo. Yanayofuata yateremke kwa hatua zinazoonekana. La mwisho liwe ambalo una uhakika nalo kadiri inavyowezekana na ambalo, ukiitwa, utafungasha sanduku uende. Ukijaza kozi usiyoweza kuivumilia ili tu nafasi isibaki wazi, jitayarishe kuisoma kwa miaka minne, kwa sababu huenda ukaitwa hiyohiyo.

Kushuka kwa hatua kuna njia mbili. Unaweza kushika kozi na kubadilisha chuo: Biashara au Elimu huwa na vikomo vya juu Nairobi kuliko Laikipia kule Nyahururu au Kabianga kule Kericho, na shahada ni shahada. Au unaweza kushika fani na kubadilisha kozi. Anayependa tiba na anayeona udaktari umemzidi, atazame uuguzi, maabara, famasia, au shahada ya utabibu na afya ya jamii inayofundishwa Egerton. Hizi ni kazi kamili, zenye heshima yake na mabaraza yake ya kitaaluma. Ninaumia ninapoona mtoto akizijaza kwa aibu, kana kwamba amefeli, kwa sababu mzazi alikwisha kumtangaza daktari kanisani.

Na kwa kuwa tuko Nakuru, niseme neno kuhusu mlango ulio karibu nasi ambao wengi huupita. Egerton ilianza Njoro mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo, iliyoanzishwa na Lord Maurice Egerton, ikawa chuo kikuu kamili mwaka wa 1987. Kilimo ndicho kilichokipatia chuo hicho sifa. Vikomo vya kozi zake za kilimo, mifugo na teknolojia ya chakula viko chini sana ukivilinganisha na vya udaktari au sheria, na sababu ni kwamba vijana wetu wanalihusisha jembe na umaskini wa wazazi wao. Lakini tazama kinacholisha eneo hili: maua ya Naivasha, maziwa na viazi vya Molo na Kuresoi, ngano na shayiri za Njoro na Mau Narok, kituo cha utafiti cha KALRO palepale Njoro. Sisemi kila mtu asome kilimo. Nasema mwenye B ya kweli katika sayansi, anayesita kati ya kozi yenye jina asiyoifikia na kozi ya kilimo anayoifikia bila jasho, aende Njoro siku moja ya kazi, aombe kuonana na mwalimu wa idara, amuulize wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi. Matatu za kwenda huko zimejaa mjini. Jambo hilohilo laweza kufanywa katika bewa la Nakuru mjini kwa wanaotaka sheria.

Mwulize pia kama kozi imeidhinishwa. Uhandisi uwe umetambuliwa na Bodi ya Wahandisi, sheria na Baraza la Elimu ya Sheria, tiba na baraza la madaktari. Kuna kozi zenye majina ya kuvutia ambazo mhitimu wake hatasajiliwa kufanya kazi, na kikomo cha chini cha kozi kama hiyo hakipaswi kumfurahisha mtu.

Nafasi ya kuitwa ni jambo moja, na nafasi ya kubaki ni jingine. Chini ya mfumo wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023, familia hatimaye ziliwekwa katika makundi matano. Kundi la kwanza, la wasiojiweza kabisa, lililipa asilimia 5 ya gharama ya kozi, na la tano asilimia 40. Kilichobaki kiligawanywa kati ya ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB. Kozi ikigharimu Sh200,000 kwa mwaka, familia moja ingetoa Sh10,000 na nyingine Sh80,000. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo unakiuka katiba, na suala hilo likapelekwa kwenye rufaa, kwa hiyo hakikisha unachosoma kuhusu karo ni cha mwaka wako. Jambo ambalo familia nyingi hugundua zikiwa zimechelewa ni kwamba, chini ya mfumo huo, anayepangwa katika chuo cha kibinafsi hupata mkopo wa HELB lakini hapati ufadhili wa serikali. Kabarak ni chuo kizuri, kiko karibu, na kina sheria na tiba, lakini kabla hujakiweka kwenye orodha, keti na mzazi mpige hesabu ya karo hadi mwaka wa mwisho. Mtoto wa mtaa wa Kaptembwa hapa Nakuru anayelala kwao na kupanda matatu kwenda Njoro anaweza kumaliza shahada ambayo mwenzake aliyepanga chumba Nairobi ataikatiza mwaka wa pili.

Kuna wachache wenye A safi wanaouliza kuhusu Marekani. Hesabu niliyoeleza haifanyi kazi huko. Chuo kama Harvard hupokea chini ya waombaji 5 katika kila 100, na hakina kikomo cha pointi. Hutazama alama, insha, barua za walimu, na kile ulichofanya nje ya darasa, kisha huamua. Hata mwanafunzi bora Kenya hawezi kusema ana nafasi nzuri katika chuo kimoja cha aina hiyo. Anachoweza ni kuomba vyuo kadhaa, hasa vile vinavyomlipia mgeni asiye na uwezo bila kumnyima nafasi kwa sababu ya umaskini. Mfano wa karibu nasi upo. KenSAP ilianzishwa mwaka wa 2004 na mwanahabari John Manners pamoja na Mike Boit, yule mwanariadha aliyetwaa shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka wa 1972. Mpango huo ulianza kwa kuwakusanya vijana wa Bonde la Ufa wenye alama za juu kabisa, kuwanoa Iten kwa mtihani wa SAT na uandishi wa insha, na kuwaombea nafasi katika vyuo vikubwa vya huko. Waliopita katika mpango wa Wings to Fly wa benki ya Equity nao wana njia yao ya kusaidiwa. Jua tu kwamba maombi mengi ya Marekani hufungwa mwanzoni mwa Januari, wakati matokeo ya KCSE ndiyo kwanza yanatoka, hivyo wengi huomba mwaka unaofuata. Usiache nafasi yako ya KUCCPS ipotee kwa kungojea.

Kwa wewe ambaye bado uko shuleni, nafasi yako huamuliwa mapema, unapochagua masomo. Shule nyingine huwahimiza wanafunzi, na wasichana hasa, waache Fizikia ili wastani wa shule upande. Ukiiacha, uhandisi umeuaga, na hakuna A ya Dini itakayokurudishia. Andika kozi tatu unazozifikiria, tafuta masharti yake, kisha uone kama masomo unayotaka kuacha yamo. Ikiwa yamo, mzazi aende shuleni azungumze na mwalimu mkuu. Darasa la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka wa 2027, na wanafunzi wa mtaala mpya wanaofuata katika shule ya upili ya juu wanachagua mkondo mapema zaidi, kwa hiyo mazungumzo haya yanawahusu hata walio na miaka kumi na mitano.

Aliyepata chini ya C+ asidhani makala haya hayamhusu. Diploma huanzia C-, nazo pia zina ushindani: nafasi za KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba chenye bewa hapa Nakuru, hugombaniwa sana, na baadhi ya kozi zake zinataka C yenye masomo maalumu. Taasisi za kiufundi kama Rift Valley National Polytechnic, iliyokuwa ikiitwa RVIST, zina nafasi nyingi zaidi. Pima hapo kwa njia ileile, masharti kwanza, ushindani baadaye. Mwenye diploma nzuri anaweza kuendelea hadi shahada, na mara nyingine hufika akiwa na ujuzi ambao mwenzake wa shahada hana.

Siku ya kujaza maombi, nenda na orodha yako ikiwa imeandikwa, pamoja na misimbo ya kozi kama inavyoonekana kwenye tovuti. Jaza mwenyewe, au ukae kando ya anayekujazia usome kila mstari kabla hajatuma, kwa sababu misimbo ya kozi moja katika vyuo viwili hutofautiana kwa tarakimu tu. Usimwachie mtu nywila yako. Chapisha ukurasa wa mwisho. Dirisha la kurekebisha likifunguliwa, ingia tena utazame, hasa kozi zile ulizoziweka kwenye fungu la kubahatisha. Na orodha ikitoka ukajikuta umepangwa mahali ambapo hukupataka, usikimbilie kuacha: KUCCPS hufungua kipindi cha uhamisho kati ya vyuo baada ya kupanga, na anayehama ni lazima awe amefikisha kikomo cha mwaka huohuo cha kozi anayoitaka. Kwa wakati huo namba zimeshatoka, kwa hiyo hutahitaji kukadiria. Zilinganishe na zako siku hiyohiyo, na ukiwa umefika, omba kabla muda haujaisha.